Ukimwita mutoto Kevin, postinomu itakuwa ya nani?

Pita asubui fasi kapita anaitia majina ya kikosi, ku karieri ya Kolwezi ao ya Likasi, na usikilize. Sisi tuliozaliwa wakati wa Zaire tunaitika kwa majina mawili ya nyumbani: Kasongo Banza, Ilunga Mutombo. Vijana wanaotufwata wanaitika Kevin, Patrick, Brian, Ryan. Ukienda fasi bamama wanazalia, majina ni yale yale, na Liam ameongezeka. Mu sendika tunaandika majina kila siku, ku orodha ya wanachama, ku barua za malalamiko, ku makaratasi ya malipo ya uzee. Na tuliona kama majina haya yote yana kituo kimoja: yanatoka Ireland ao yalipitia kule, kisanga kile kiko pembeni ya Uingereza.

Hatuna ubaya na majina haya. Swali ambalo makamarade wanatuuliza, mara mingi mu basi ya kazi, ni lingine: "Mutoto nitamuita Kevin, ile imekwisha. Sasa postinomu naweka nini?" Wanauliza wakicheka. Sisi hatucheki sana, juu tunajua swali lile linarudiaka kisha miaka makumi tatu, mu mikono ya mujane.

Tuanze na karatasi. Kwetu jina kamili linaenda kwa sehemu tatu: jina, postinomu, prenomu. Angalia karti yako ya uchaguzi, zimepangwa vile. Wazungu wanaanza na prenomu, wanaweka jina la kati, wanamaliza na la jamaa. Kwetu fasi ya kati ni ya postinomu. Jina la kwanza mara mingi linatoka kwa baba, na hakuna mabishano. Prenomu inatoka fasi mutu anapenda: ku kanisa, ku sinema, ku timu ya mupira. Postinomu ndiyo sehemu ambayo wazazi wanakaa chini na wazee na kuchagua.

Chukua mufano wa watu wote wanajua. Rais wa zamani ni Kabila Kabange Joseph. Joseph haikwambie kitu juu yake, Majoseph ni wengi sawa mchanga. Lakini Kabange, kwa Waluba, ni jina la pacha, na kweli alizaliwa pamoja na dada yake Jaynet. Mutu ambaye hajaona sura yake hata siku moja anajua tayari namna alikuja mu dunia. Postinomu inafanya kazi ya namna ile.

Sasa majina yenyewe. Kevin, kwa luga ya Ireland, ni Caoimhín, na maana yake iko karibu na "aliyezaliwa muzuri". Mutakatifu Kevin alikuwa monaki wa karne ya 6, alianzisha monasteri ya Glendalough mu milima ya kusini ya Dublin, na sikukuu yake ni tarehe 3 mwezi wa sita. Lakini Kevin wa kwetu hakutoka ku monasteri, tusidanganyane. Alipitia Ufaransa, fasi Kévin lilikuwa jina la kwanza la watoto wa kiume karibu na mwaka 1991, na alipitia sinema za Marekani ambazo tuliangalia kwa kaseti. Brian ni jina la mfalme, Brian Boru, aliyekufa mu vita ya Clontarf mwaka 1014. Ryan lilikuwa jina la jamaa mbele ya kuwa prenomu. Liam ni William iliyokatwa kichwa. Brigitte ni jina la mama mutakatifu wa Kildare, Brigid, anayekumbukwa tarehe 1 mwezi wa pili. Tangu 2023 Waireland wanapumzika kazi kwa ajili yake. (Kuna Brigitte mwingine, wa Sweden, wa mwezi wa saba. Wamama wa Legio wanajua tofauti, waulizeni.)

Na Patrick, Muireland kupita wote, hakuzaliwa Ireland. Alizaliwa Britania, wanyanganyi wakamukamata akiwa kijana, wakamufanya mutumwa kule Ireland miaka 6, anachunga wanyama. Jina lake ni la Kilatini, Patricius. Na Patrice ni jina lile lile mu kinywa cha Wafaransa. Kwa hiyo mwenye kuita mutoto wake Patrick anamupa, akijua ao asijue, jina la Patrice Émery Lumumba, aliyeuawa hapa kwetu Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961.

Waireland wenyewe walifika huku mu miaka ile, na kofia ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1960, liutena Kevin Gleeson aliongoza askari karibu na Niemba, kaskazini ya Katanga. Walikuwa 11, wakakufa 9, na yeye ndani. Mwaka uliofwata, mu mwezi wa tisa, kamanda Pat Quinlan na watu wake karibu 155 walizungukwa na kupigwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mpaka maji na risasi vikaisha. Walikamatwa, lakini hakuna hata mumoja alikufa. Wakati ule mujumbe wa Umoja wa Mataifa mu Elisabethville alikuwa Muireland pia, Conor Cruise O'Brien. Simama kidogo pa jina lake. Conor ni prenomu ya kule. O'Brien ni jamaa, na ile O maana yake mujukuu: wajukuu wa Brian. Na Cruise pale kati? Ilikuwa tayari kati mu jina la baba yake, Francis Cruise O'Brien. Mwana amebeba kipande cha baba fasi ile ile baba alikibeba. Kwa sisi hiyo ni postinomu kabisa, hata kama yeye hakujua neno lile.

Tunasema hivi juu kuna wazazi wanafikiri Wazungu wanaokota jina la kati kwa uzuri wa sauti tu. Ireland ya zamani ilikuwa na mupango: mutoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama, wa tatu la baba mwenyewe. Wasichana vile vile, wakianzia kwa mama ya mama. Na mu vijiji fasi watu wote wana jina moja la jamaa, mutu anaitwa na baba yake na kambo yake nyuma: Seán Mhicil Phádraig, maana yake Seán wa Micheál wa Pádraig. Muluba anayesikia pale anaona kwao. Kalala Ilunga wa hadisi zetu ni Kalala, mwana wa Ilunga. Baba ameketi nyuma ya mwana, kama mutu ameshika begi la mutoto akienda masomo.

Kuna kitu kingine tunashirikiana nao. Mu 1465 sheria ya mfalme wa Uingereza iliamuru Waireland waliokuwa chini yake, karibu na Dublin, waache majina yao na wachukue ya Kiingereza: jina la muji, la rangi, la kazi ya mikono. Kwetu ilikuja kinyume. Mu 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, mapadri wakatishwa gereza kama wanabatiza kwa jina la kizungu, kardinali Malula akapinga na akapaswa kukimbilia Roma. Watu waliondoa Marie na Albert, wakaweka jina lingine la nyumbani nyuma ya lile la kwanza. Miji ilikuwa imetangulia, mu 1966: Jadotville ilikuwa imekwisha kuwa Likasi, Elisabethville Lubumbashi. Kisha mwezi wa ine 1990 serikali ikalegeza kamba, prenomu zikarudia mbio. Lakini postinomu haikuondoka. Ni moja ya vitu vichache vya Zaire vilivyobaki bila mutu kulalamika.

Kwa hiyo mutoto wa leo anaweza kuwa na vyote: Muireland mbele na nkambo wake kati. Ni bahati ambayo wazazi wetu hawakupata, na inatuuma kuona wengine wanaitupa. Kuna fundi mumoja wa mashini, mwanachama wetu, alitaka kuandikisha Kevin Ryan nyuma ya jina lake. Majina mawili ya Ireland, hakuna kitu kati. Mama yake, muzee wa Bukama, alikuja mpaka ku biro yetu, juu alisikia kama sendika inasikilizwa. Alikaa, akakunywa maji, akauliza:

"Kevin, iko muzuri. Hata mimi ninajua kuita Kevini. Lakini baba yangu Kabwe, munamutupa wapi?"

Fundi akasema: "Mama, Kabwe ni jina ya zamani. Batoto ku masomo batamucheka."

"Batamucheka juu ya jiwe? Na wewe unakula juu ya nini?"

Kabwe maana yake jiwe kidogo. Fundi anafanya kazi fasi wanasaga mawe, usiku na muchana. Hatukuongeza neno. Mutoto aliandikishwa na Kabwe pale kati, na Ryan akangojea mwingine.

Sheria ilikuwa upande wa mama yule. Kodi ya familia ya 1987, kifungu cha 58, inaomba majina yatoke mu urizi wa utamaduni wa Kongo, na inakataza jina la matusi, la kuzarau ao la uchokozi. Mu maisha, mwandishi wa leta-sivili hakatai Kevin. Lakini mutoto ambaye majina yake yote ni ya kigeni, kifungu kile kinaweza kumufwata siku yoyote, na siku ile itakuwa siku mbaya.

Lakini tuseme na neno lingine ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Kuna wazazi wanaokimbia postinomu ya nyumbani juu ya woga, si juu ya modi. Postinomu inaonyesha kabila. Mu 1992 na 1993, hapa Katanga, watu waliozaliwa hapa, wazazi wao walizaliwa hapa, walifukuzwa mu nyumba na ku kazi juu walikuwa wa Kasai. Ku stasio za Likasi na Kolwezi watu walilala majuma na majuma wakingojea treni, watoto wakafia pale. Wengine mu kazi yetu ya migodi walipoteza miaka makumi mbili ya utumishi kwa siku moja. Mutu aliyeona ile, akichagua leo majina ambayo hayana kijiji, hatutamucheka.

Tunamwambia hivi tu. Wakati ule walichagua watu kwa majina, na majina yenyewe yalikuwa yanawadanganya: Ilunga, Kalala, Mutombo, Kabongo ni ya Katanga na ya Kasai, pande zote mbili. Kujificha nyuma ya Kevin hakumufichi mutu, juu kesho watamuuliza baba yako ni nani. Na mutoto mwenye kuulizwa anastahili kuwa na jibu. Kama unaogopa, chagua jina lile linalolala pande mbili za mupaka. Liko, na ni la heshima.

Fanya angalisho na maana pia, juu luga zetu zinagongana. Mujinga, kwa Waluba wa Kasai, ni mutoto aliyezaliwa kamba ya kitovu ikimuzunguka shingo. Jina la heshima, bamama wengi wanalibeba. Kwa Kiswahili munajua wenyewe. Mutoto atakayeishi Kananga hatapata shida. Atakayesoma Lubumbashi ao kuvuka mpaka Dar es Salaam, atapigana ku kila darasa. Uliza wazee maana, kisha uliza jirani wa kabila lingine anasikia nini.

Na sauti. Majina ya Ireland ni mafupi na yanafungwa na konsonanti: Kevin, Brian, Liam. Mu kinywa watu wanachukua prenomu na moja tu ya yale mengine mawili. Itia "Kevin Ngoy" pembeni ya mashini ya kusaga: utasikia "Kevingoy", neno moja, na mutu hajui kama ni yeye. Itia "Kevin Kabwe", "Brian Mutombo", "Liam Kasongo", inasikika mpaka chini. Hii si mambo ya mashairi. Mu karieri mutu anaitwa jina mara moja, na mara ingine ni wakati jiwe linakuja. Tunakataa pia Siobhán na Niamh, hata kama ni mazuri. Waireland wanasoma Shivon na Niiv, lakini mwandishi wa komini atasoma anavyoona, na mutoto atakuwa watu wawili, wa karatasi na wa nyumbani.

Watu wawili, ndiyo pale tulitaka kufika. Wiki nzima ya kazi ya sendika inaweza kuisha juu ya erefu mumoja. Tumefwata dosie ya mama mumoja (majina tumebadilisha, na fasi bwana yake alifanya kazi hatutaji). Ku orodha ya mushahara marehemu alikuwa Mwamba Patrick. Ku cheti cha ndoa, Muamba Ngoie Patrick. Ku karti ya uchaguzi, Ngoy Patrice. Sisi wote tulimujua, tulikula naye, tulimuzika. Mwenye biro aliangalia zile karatasi tatu na akasema ni watu watatu, na hakuna mumoja kati yao anaweza kulipwa. Prenomu haikumusaidia, juu Mapatrick walikuwa wengi ku orodha ile. Jina la kwanza pia, Mamwamba hawana mwisho huku kwetu. Kitu ambacho kingemutenga na wengine kilikuwa postinomu, na postinomu ndiyo ilikosa ku karatasi moja na iliandikwa namna mbili ku zile zingine. Mama yule alitembea zaidi ya mwaka, akauza friji, watoto wawili wakakaa nyumbani bila masomo, mpaka hukumu ya tribinali ikasema kama Ngoy na Ngoie ni mutu mumoja.

Kwa nini tribinali? Juu kifungu cha 64 cha Kodi ile ile kinakataza kubadilisha jina, ao namna linaandikwa, ao hata mupango wa sehemu zake, bila Tribinali ya amani kukubali. Kosa linalofanywa na kalamu mu dakika mbili linaondolewa na avoka mu miezi, na avoka anakula.

Basi mwenye kuwa na mutoto wa juma hili: tangu mabadiliko ya 2016 uko na siku 90 za kumuandikisha. Usimutume shemeji peke yake. Andika majina yote matatu ku kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, na uende nacho. Jina la jamaa uliandike sawasawa na cheti chako, hata kama cheti chako kina kosa, juu kosa moja mu nyumba ni heri kuliko mawili. Kwa postinomu, amua na mwenye jina kama angali muzima: nkambo anayejiita Ngoie asikute kesho majina yake ameandikwa Ngoy. Brian ao Bryan, chagua moja na usirudie nyuma. Mbele ya kutia sahihi, omba mwandishi asome kwa sauti, herufi kwa herufi. Akinunika, mwache anunike. Na kama ni Kévin na alama ile juu ya e, fikiri mara mbili: mashini za mushahara zinaitupaka, na utakuwa umekwisha kumupa mutoto majina mawili mbele hajaota meno.